Ubeti wa Wivu

Kitenge kilikuwa cha bluu nzito chenye maua ya njano, na kilitandazwa juu ya meza ya Jean-Bosco, kikafunika cherehani, mkasi na kikombe chake cha chai. Jumatano hiyo Octave alikuwa ameingia kwa fundi huyo kushonesha mkanda wa ngoma uliokatika, si kwa jambo jingine. Lakini macho hayana pazia. Aliona vipande vilivyokwisha kukatwa vimepangwa kwenye kiti, vyote vya kitambaa kimoja, akauliza ni shughuli ya nani.

"Ya mwalimu mwenzako wa rangi," alisema Jean-Bosco, pini zikiwa midomoni. "Célestine. Familia nzima inavaa sare, Jumamosi ya wiki ijayo."

"Célestine yupi?"

"Sha, hapa Bellevue kuna Célestine wangapi wanaofundisha watoto kuchora? Mama mkwe wake ndiye aliyeleta kitambaa. Mama mkali yule, amenipimisha upya kila kipande. Kwani wewe hukualikwa?"

Octave alisema amealikwa. Uongo huo ulimtoka kabla hajaufikiria, maana afadhali kijana mwenye kiburi atobolewe na pini zote za fundi kuliko kukiri kwamba habari imemfikia yeye wa mwisho. Alichukua mkanda wake, akatoka nje kwenye baridi ya Julai ya Johannesburg, akasimama kando ya ukuta kama aliyesahau njia ya kwao.

Yeye na Jean-Bosco wote walikuwa wamekulia Ngozi, Burundi. Huko kwao, ukiona ukoo unashona kitambaa kimoja, na mama mkwe ndiye anayesimamia mkasi, hakuna la kuuliza. Ni harusi. Swali ni moja tu, nani anaoa, na jibu la swali hilo Octave alidhani analo.

Walikutana na Célestine mwezi wa Aprili mwaka huo wa 2017, shule zilipofungwa. Kanisa moja dogo la Bellevue lilikuwa na ukumbi nyuma, na kila likizo, na jioni kadhaa za muhula, wazazi wa Kikongo na wa Kirundi waliwaleta watoto wao wa shule ya msingi wajifunze muziki na uchoraji badala ya kukaa vyumbani na televisheni. Octave alishika upande wa ngoma na nyimbo. Hakuna aliyemfundisha kutunga. Alijifunza peke yake kwa kuhesabu mizani vidoleni akiwa mlinzi wa lango, na alijivunia jambo hilo kuliko shati lolote alilowahi kuvaa. Célestine alishika upande wa rangi. Alitoka Bukavu, aliishi Turffontein, na alikuwa na namna ya kuinama nyuma ya mtoto, akaushika mkono mdogo wenye brashi na kuuongoza bila kusema neno, hata mstari mmoja wa kijani ukageuka kilima. Siku ya kwanza Octave alipouona mkono ule alikosea mdundo, watoto wakamcheka.

Tangu hapo yalikuwa ni macho. Alipiga ngoma huku, akatazama kule. Akimkuta naye anatazama, Célestine aliinamisha kichwa kwenye kopo la maji machafu kana kwamba limemwita. Jioni walitembea pamoja hadi zinapopakia teksi za kwenda mjini, wakisimama kwenye robot, taa za barabarani, hata zilipokuwa za kijani. Siku moja ya Juni, Octave alifungua mdomo kusema lile neno. Célestine alimwekea kiganja mbele ya midomo bila kumgusa.

"Usiniambie sasa," alisema. "Ngoja msimu huu wa baridi upite. Ukipita na bado unalo, uniambie."

Aliulizwa kwa nini, akapanda teksi yake. Octave alilala na kiganja kile usoni pake kwa wiki nyingi, akakifanya kuwa ahadi. Sasa, akiwa ameegemea ukuta wa fundi, alikigeuza upande wa pili, akaona ni ujanja. Ngoja baridi ipite, maana yake ngoja niolewe.

Na shaka ikishaingia ndani haikai sebuleni; hupita kila chumba ikifungua makabati. Alikumbuka bakki ya kijivu, gari dogo la mizigo, iliyokuja kumchukua Célestine siku za Ijumaa, na dereva wake François, mwanamume mwenye kifua kipana asiyeshuka kusalimia. "Ni ndugu," Célestine alikuwa amesema, bila kuongeza lolote. Alikumbuka jinsi bintiye François, Murielle, mtoto wa miaka tisa mwenye sauti safi kuliko wote, alivyopanda gari hilohilo na kukaa katikati yao wawili. Walionekana kama familia kwenye picha.

Alhamisi Octave alimjaribu Célestine. Watoto walikuwa wanakausha michoro mbele ya hita, naye akasogea kama mtu anayetafuta kamba. Akamuuliza kama Jumamosi ya wiki ijayo anayo nafasi, kuna jambo anataka kumwonyesha mjini.

Brashi ilisimama hewani.

"Nina shughuli ya familia," alisema Célestine.

"Shughuli gani?"

"Ya familia, Octave."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, kulikuwa na uchovu, na laiti angekuwa na sikio la huruma siku ile angeusikia. Lakini alisikia mlango unafungwa. Alimtazama kuanzia kitambaa cheusi alichojifunga kichwani hadi sketi yake nyeusi chini ya aproni, akawaza kwamba mwanamke huyu tangu Aprili havai rangi nyingine, labda anazitunza za kupendeza kwa ajili ya bwana harusi. Alipotoka alimkuta Murielle kwenye ngazi, akamuuliza kwa Kiingereza mwalimu wake wa rangi anaishi wapi.

"Kwetu," alisema Murielle. Alitaka kuongeza kitu, lakini Octave alikuwa amekwisha geuka.

Ijumaa asubuhi aliwakusanya watoto, akawaambia ubeti wa mwisho wa wimbo wa kufunga likizo umebadilika. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuliita jua. Watoto walikuwa wanaulizia jua limejificha wapi baridi yote hii. Octave aliuacha hadi ubeti wa tatu, kisha pale jua lilipotakiwa kutokea akaweka maneno aliyoyatunga usiku kucha, na aliyatunga vizuri, maana hasira humpa mtunzi kalamu kali:

*Ndege wa manyoya mema, mbona huna tundu moja?*
*Mchana wala kwa huyu, usiku una mngoja;*
*Nguo mpya zinashonwa, nami sikupewa hoja,*
*Ruka ewe mwenye hila, nimechoka na vioja.*

Watoto wale walizaliwa Johannesburg. Kiswahili chao kilikuwa cha kuitikia mama anapowaita kula. Lugha ya mchezo ilikuwa Kiingereza na Kizulu. Waliyashika maneno kama wanavyoshika mdundo, kwa sauti bila maana. Ni Murielle tu aliyeinua mkono akauliza ndege huyo amekosa nini.

"Amekawia kurudi nyumbani," alisema Octave, na uso wake ukamwasha.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa na makoti yao, blanketi magotini, michoro ya watoto ikiwa imebandikwa ukuta mzima: milima ya kijani ambayo wachoraji wake hawakuwahi kuiona, nyumba zenye moshi, jua kubwa la rangi ya chungwa kwenye kila karatasi. François aliingia na kusimama nyuma. Aliyekuja naye alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye macho madogo yasiyopepesa, amevaa nyeusi kuanzia kilemba hadi viatu. Célestine alimwendea, akapiga goti kidogo, akampa mikono miwili. Octave aliona goti lile, akajua huyo ndiye mama mkwe. Hakuona kitu kingine.

Watoto waliimba. Ubeti wa kwanza wazazi walitabasamu, wa pili wakapiga makofi ya kusindikiza. Ubeti wa mwisho ulipoanza, Octave alimkazia macho Célestine, akisubiri kuona aibu ya msaliti. Aliona uso unaopoteza damu. Hakumtazama yeye hata kidogo; alimtazama yule mama. Na yule mama, sauti safi ya Murielle, mjukuu wake, ilipofika penye nguo mpya zinashonwa, aliweka mkoba wake sakafuni polepole, kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

Wazazi wengine walipiga makofi. Wawili watatu waliokijua Kiswahili vizuri walikohoa. Watoto walikimbilia juisi na maandazi, na Célestine akamvuta Octave kwa mkono wa shati hadi kwenye chumba cha pembeni kulikokuwa na makopo ya rangi.

"Umefanya nini?"

"Nimekuimbia harusi yako. Jumatano nilimuuliza fundi, nikaiona sare ikishonwa."

"Harusi?" Alirudia neno hilo kana kwamba ni la lugha asiyoijua. "Octave, mimi ni mjane."

Kisha akamwambia kwa haraka, kwa sauti ya chini, jicho lake likiwa mlangoni, maana hakuwa na muda wa kulia. Mume wake alikufa Julai ya mwaka jana. Jumamosi ijayo mwaka unatimia, na kwao Bukavu mwaka ukitimia ndugu hutoa kilio: familia yote huvaa kitenge cha aina moja, mjane huvuliwa nguo nyeusi mbele za watu, na mama mkwe husema neno la kumfungua. Asiposema, mjane hajafunguliwa. Wajomba wa marehemu walikuwa wanapiga simu kila siku kutoka nyumbani, wakitaka mjane abaki palepale, arithiwe na François, ndugu wa marehemu, ambaye mkewe alikwisha kwenda zake. Mama mkwe wake, Mama Victorine, peke yake ndiye aliyewagomea. Alisema mkamwana wake akikivaa kilio kwa usafi mwaka mzima, yeye atamfungua mwenyewe, aende anakotaka.

"Kwa usafi," alisema tena Célestine. "Sasa mjukuu wake mwenyewe amemwimbia kwamba mimi nina matundu mawili."

Octave alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa makopo.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema.

"Ningekuambia, ungeanza kunihesabia siku, nami ningeanza kuzihesabu pamoja nawe. Kilio gani hicho?"

Mlango ulifunguliwa. Mama Victorine aliingia, François nyuma yake, na nyuma ya François nyuso za wazazi wenye vikombe ambao ghafla walikumbuka kwamba walitaka kuona makopo ya rangi.

"Ni weye uliwafundisha watoto ile wimbo?" aliuliza Mama Victorine.

"Ni mimi, Mama."

"Ile ndege ni huyu?"

Octave aliinamisha kichwa, na kichwa hicho kikajibu.

François alisema hakuna haja ya maswali mengi. Eish, alisema, watu wamemlisha mwanamke mwaka mzima kwa heshima ya marehemu, kumbe alikuwa anakuja kufundisha watoto na kufundishwa yeye. Wajomba wajulishwe leo. Alisema hayo bila kumtazama Célestine, na katika sauti yake Octave alisikia kitu alichokifahamu vizuri, kwa sababu alikuwa nacho mwenyewe tangu Jumatano: mwanamume aliyekwisha amua, anayetafuta tu ushahidi.

Mama Victorine aliinua kidole, mwanawe akanyamaza.

"Kijana, nauliza mara moja. Ulijua kama huyu ana kilio?"

Hapo Octave aliiona njia panda, na kila njia ilikuwa na shimo lake. Akisema ukweli, kwamba hakujua, atatoka hapo akiwa kijana aliyekosea tu, mtu wa kusamehewa. Lakini mjane aliyemficha mwanamume kilio chake ana sababu ya kukificha, na sababu hiyo kila mtu pale mlangoni angeijaza mwenyewe. Akisema alijua, basi yeye ndiye aliyemnyemelea mwanamke mwenye nguo nyeusi mwilini, na hakuna nyumba ya Wakongo kuanzia Yeoville hadi Rosettenville ambayo ingemfungulia mlango kwa heri. Hasa nyumba ile moja.

Alivua kofia.

"Nilijua, Mama."

Célestine aligeuka ghafla. Octave hakumtazama.

"Nilijua, na nikamfuata hivyohivyo tangu Aprili. Alinikatalia. Alinikataza hata kulitamka neno lenyewe. Jana nilikuwa na hasira ya mtu aliyekataliwa, nikawatia watoto maneno machafu midomoni. Yeye hakusikia ubeti ule hadi leo, pamoja na ninyi."

"Ulijua," alisema Mama Victorine, "na ukamfuata na nyeusi yake."

"Ndiyo."

"Basi huna haya."

Damu ilimpanda Octave masikioni. Wazazi wa wanafunzi wake walikuwa pale. Watu waliomwita mwalimu. Maisha yake yote alikuwa amepigana na kila aliyemwambia neno dogo kuliko hilo.

"Sina, Mama," alisema.

Kikombe kikagongana na kingine huko mlangoni. Mama Victorine alimgeukia François.

"Umesikia? Alimukatalia. Jumamosi nitasema neno yangu, na wajomba wakae na simu yao." Akamgeukia Octave. "Na weye nikikuona mlangoni kwangu siku hiyo, nitakumwagia maji ya vyombo, na baridi hii utakumbuka jina langu."

Alianza kutoka. Lakini alipofika kizingitini alisimama, na bila kugeuka mwili mzima, akiangalia juu ya bega kwa yale macho madogo, akauliza kwa upole uliotisha kuliko ukali:

"Weye uliyejua kila kitu. Huyu alifiwa mwezi gani?"

Octave alikuwa ameambiwa dakika chache zilizopita. Angeweza kujibu. Lakini alihisi kwamba jibu la haraka ndilo lililokuwa likisubiriwa, na kwamba bibi huyu alikuwa amesimama nje ya mlango ule kwa muda gani, Mungu ndiye ajuaye.

"Mama," alisema, "mtu anayemvizia kuku wa wenyewe haulizi alianguliwa lini."

Mama Victorine alimtazama kwa muda mrefu. Pembe moja ya mdomo wake ilisogea, na hadi leo hakuna ajuaye kama ilikuwa dharau au jambo jingine.

"Uko na mdomo," alisema, akaenda zake na mwanawe, na watu wakampisha.

Ukumbi uliishiwa watu taratibu. Watoto walibandua michoro yao, wakaikunja vibaya, wakaondoka. Murielle aliaga kwa mkono tu, alikuwa amekatazwa. Célestine aliambiwa ana nusu saa ya kusafisha vyombo, bakki inamngoja nje ikiwa inaunguruma. Octave alikaa akifungua kamba za ngoma ambazo hazikuhitaji kufunguliwa, hadi akaona viatu vyeusi vimesimama mbele yake.

"Nani alikuomba unibebee?" aliuliza Célestine.

"Hakuna."

"Umejifungia mlango wa nyumba ile. Mama Victorine hasahau."

"Najua."

"Na usidhani nimekushukuru." Sauti yake ilitetemeka sasa, sasa kwa kuwa iliruhusiwa. "Ulikuwa na shaka nami tangu Jumatano. Ukamuuliza fundi cherehani. Ukamuuliza mtoto. Ukamuuliza kalamu yako usiku kucha. Mimi, Octave, nilikuwa hapa kila siku, hatua chache kutoka kwenye ngoma yako. Mimi hukuniuliza."

"Nilikuuliza Jumamosi utakuwa wapi."

"Ulinitega. Kutega si kuuliza."

Alikuwa na haki, na Octave hakuwa na pa kujificha. Alifikiria maneno mazuri. Yalimjia, kama kawaida yake, yakiwa yamepangwa kwa vina, na kwa mara ya kwanza yalimchukiza. Aliyaacha yapite.

"Naweza kuuliza sasa?"

Nje honi ililia. Célestine alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja baada ya kingine.

"Uliza."

Alijua alitazamiwa kuuliza nini. Kama anampenda. Kama baada ya Jumamosi kuna nafasi. Maswali hayo yalikuwa yamejaa kifuani pake kama watu mbele ya lango. Lakini alipoinua macho aliona uso wa mwanamke aliyebeba maiti mwaka mzima, kazini na nyumbani, bila mtu wa kumpokea mzigo hata kwa mwendo wa robot moja.

"Aliitwa nani?" aliuliza.

Célestine hakuwa tayari kwa hilo. Aliangalia pembeni, akaangalia dirisha, akashika kopo la maji lisilo na kitu. Katika nyumba ya Turffontein walisema marehemu, walisema mwanangu, walisema ndugu yetu. Jina lenyewe lilikuwa limefungwa kabatini pamoja na mashati yake.

"Pitchou," alisema.

Akalisema tena, kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu anayejaribu kama mguu uliovunjika unaweza kukanyaga. Halafu akavuta kiti kimoja cha watoto, kifupi hata magoti yake yakapanda juu, akaketi.

"Alikuwa hajui kuimba," alisema, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyafuta. "Hajui kabisa. Na alikuwa anaimba kila asubuhi."

Honi ililia mara ya pili. Octave alivuta kiti cha pili, akaketi mbele yake, akaiweka mikono yake mikubwa ya ngoma juu ya magoti, akamsikiliza.